Kiraka na Mnyoo Katika Njia Moja

Muda mfupi kabla ya saa tano na nusu usiku, tarehe 2 Novemba 1988, Peter Yee wa kituo cha utafiti cha NASA Ames huko California aliwaandikia barua pepe wahandisi wa mtandao waliotawanyika Marekani nzima. Aliwaarifu kuwa wanashambuliwa. Akawatajia waliokwisha kupigwa: vyuo vikuu vya Berkeley, San Diego na Stanford, maabara ya Lawrence Livermore, na kituo chake mwenyewe. Kisha akawashauri wafunge huduma kadhaa za mtandao, ikiwamo ile ya kupokea barua pepe.

Ushauri ulikuwa sahihi, na ulikuwa na gharama yake. Aliyeufuata alijikinga, lakini papo hapo alijinyima habari za tiba, maana tiba nayo ilikuwa inakuja kwa barua pepe.

Kilichokuwa kinatembea usiku ule ni mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kuibeba. Aliyeutunga ni Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye baba yake alikuwa mtaalamu mkubwa wa usalama wa kompyuta katika shirika la ujasusi la NSA. Aliuachia kupitia kompyuta ya chuo cha MIT ili isijulikane umetoka wapi. Intaneti nzima wakati huo ilikuwa na kompyuta zipatazo 60,000, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, maabara na jeshi. Idadi iliyotajwa baadaye, kompyuta 6,000 zilizoambukizwa, ilikuwa ya kukisia. Ila hakuna aliyebisha kuwa mashine nyingi zilielemewa hadi zikasimama.

Zilielemewa kwa sababu ya tarakimu moja. Mnyoo ulipoingia kwenye kompyuta ulipaswa kwanza kuuliza kama mwenzake yumo tayari, na ukijibiwa ndiyo, mmoja wao ujiue. Morris alihofia kuwa wasimamizi wa kompyuta wangetega jibu la uongo ili kuufukuza. Kwa hiyo aliuagiza mnyoo mmoja katika kila saba ubaki kwa vyovyote vile. Mmoja kati ya saba ni wengi mno pale mashine inapobishiwa hodi mamia ya mara. Nakala zilirundikana, kila moja ikidai sehemu yake ya kichakataji, na kompyuta ikazama chini ya uzito wa wageni wake.

Mnyoo ulikuwa na milango zaidi ya mmoja. Wa kwanza ulikuwa sendmail, programu iliyosafirisha barua pepe katika mfumo wa Unix. Watengenezaji waliiwekea amri ya majaribio, "debug", iliyomruhusu fundi kutuma barua ambayo mahali pa jina la mpokeaji pameandikwa amri ya kutekelezwa na kompyuta. Amri hiyo ilisahauliwa wazi kwenye nakala zilizopelekwa kwa wateja. Wa pili ulikuwa fingerd, kiprogramu kidogo kilichojibu maswali kuhusu nani yuko kwenye mashine. Kilitenga nafasi ya baiti 512 kwa ajili ya swali na hakikupima urefu wa swali lenyewe. Mnyoo ulikitumia baiti 536. Zile zilizozidi zilifurika nje ya nafasi yake, zikafuta anwani iliyoionyesha kompyuta pa kuendelea na kuielekeza kwenye maelekezo ya mnyoo. Zaidi ya hapo ulikisia nywila kwa kutumia orodha yake ya maneno 432, na watumiaji wengi hawakuwa wameupa kazi ngumu.

Usiku huo huo Morris aliona mambo yamemzidi, akamwomba rafiki yake wa Harvard, Andy Sudduth, atume onyo bila kutaja jina. Ilipofika saa tisa na dakika 34 usiku kwa saa za pwani ya mashariki, Sudduth alituma. Barua ilikuwa fupi na ilikuwa na karibu kila kitu kilichohitajika: zuia fingerd isifurike, tengeneza upya sendmail bila ile amri ya majaribio, zima huduma ya kuendesha amri kutoka mbali. Msimamizi yeyote ambaye angeisoma kabla ya jua kuchomoza angejiokolea siku mbili za mateso.

Haikusomwa. Mtandao ulikuwa umejaa, mashine za kupokezana barua zilikuwa zimezimwa au zimelemewa, na barua ilikwama njiani kwa takriban siku nzima. Ilipofika, wahandisi walikuwa wameshagundua hayo yote kwa jasho lao.

Kikosi kilichoutangulia mnyoo kilikuwa Berkeley, palipozaliwa aina ya Unix iliyokuwa inashambuliwa. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, kwa saa za mashariki, Keith Bostic wa kikosi hicho alikuwa amesambaza kiraka cha kwanza, yaani marekebisho ya kuziba tundu la programu. Kilikuwa na mambo mawili. Moja, namna ya kutengeneza sendmail bila mlango wa "debug". Pili, ushauri wa werevu mkubwa: badilisheni majina ya kikusanyaji na kiunganishi cha lugha ya C kwenye mashine zenu. Mnyoo uliingia kwanza kwa kijiprogramu cha mistari 99 kilichotumwa kikiwa maandishi tu, na ambacho kilihitaji kukusanywa na zana za mwenye nyumba kabla ya kuwa hai. Mnyoo ukifika na kukosa zana hizo pale ulipozitarajia, unakufa mlangoni.

Lakini maofisi mengi hayakuwa na maandishi asilia ya sendmail. Yalikuwa yamenunua programu iliyokwisha kukusanywa, tarakimu tupu zisizosomeka. Kwa ajili yao Berkeley ilitoa njia ya upasuaji: tafuta ndani ya faili mahali penye herufi d-e-b-u-g, kisha andika sifuri juu yake. Watu walifanya hivyo nchi nzima. Baadaye ikaja barua ya kusahihisha. Sifuri ziliuzuia mnyoo huu, sawa, lakini zilifanya jina la amri ile liwe tupu. Sasa yeyote aliyeipelekea sendmail amri tupu angeingia moja kwa moja kwenye hali ya majaribio. Badala ya sifuri, iwekwe tarakimu 0xff, ambayo hakuna atakayeiandika kwa bahati. Marekebisho ya marekebisho yalisafiri kwa njia ile ile na yakapokelewa na watu wale wale. Usiku wa tarehe 3 kikafuata kiraka cha fingerd, ambacho kiini chake kilikuwa kuacha kusoma swali bila kikomo na kuanza kulisoma kwa kipimo.

Kosa lile la sifuri linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Wahandisi hodari, wakiwa na usingizi machoni, walitoa tiba yenye ufa, na ufa ukaonekana upesi kwa sababu tiba yenyewe ilikuwa imeanikwa hadharani. Kama ingepita kwa siri mikononi mwa wachache, nani angeukagua?

Asubuhi ya tarehe 3, saa tano na nusu, jeshi la Marekani lilikata madaraja ya barua kati ya mtandao wake, MILNET, na mtandao wa watafiti, ARPANET. Ulikuwa uamuzi wa kueleweka. Hata hivyo viraka vilikuwa upande wa pili wa daraja. Waliojitenga walibaki kupigiana simu, na wengi waligundua kwamba hawana namba za watu ambao kwa miaka wamekuwa wakiandikiana kila siku.

Hilo ndilo lililozungumzwa sana baada ya vumbi kutulia. Tarehe 8 Novemba wataalamu walikutana kutathmini yaliyotokea, na kabla mwaka haujaisha wakala wa utafiti wa jeshi, DARPA, uliunda kituo cha kuratibu dharura za kompyuta, CERT, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Kilikuwa na simu inayopokelewa saa 24. Morris alishtakiwa, akahukumiwa mwaka 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Miaka ya baadaye akawa profesa wa MIT.

CERT ilileta utaratibu, na pamoja na utaratibu ikaleta subira. Aliyegundua mwanya aliupeleka huko. CERT ikamwarifu mtengenezaji. Mtengenezaji akatengeneza kiraka alipopata nafasi. Na tangazo likatoka baadaye, likiwa na maelezo machache kuhusu udhaifu wenyewe. Hoja ilikuwa kwamba maelezo yangewasaidia wezi. Tatizo ni kwamba mtengenezaji asiyesukumwa na mtu hana haraka, na msimamizi wa kompyuta aliyefichwa habari hawezi hata kufunga huduma moja wakati akisubiri.

Kulikuwa pia na njia ya kati: orodha za barua za watu walioaminiwa. Iliyovuma zaidi iliitwa Zardoz, iliyosimamiwa na Neil Gorsuch, ambayo wanachama wake walichujwa kabla ya kuingizwa. Ndani yake wasimamizi walielezana mianya waziwazi wakiamini hakuna mwingine anayesoma. Vijana wadukuzi wa Melbourne, Australia, waliziwinda barua hizo kama dhahabu, na wakazipata. Matokeo yake ni ya kusikitisha: wezi wakawa na orodha, ilhali maelfu ya wasimamizi waadilifu ambao hawakuwa wanachama hawakuwa nayo. Siri inayogawiwa mamia ya watu ni siri kwa wale tu wasiojua pa kuitafuta.

Uvumilivu uliisha mwaka 1993. Scott Chasin alianzisha Bugtraq, mahali ambapo yeyote aliweza kueleza mwanya kwa ukamilifu, pamoja na namna ya kuuziba, na yeyote akasoma. Makampuni yalilalamika kwamba anaanika nguo za watu hadharani. Lakini mianya iliyokaa miaka bila kuguswa ilianza kupata viraka, kwa kuwa sasa mteja alikuwa anajua anachopaswa kudai. CERT yenyewe ilisogea: mwaka 2000 ilitangaza kuwa itafichua udhaifu siku 45 baada ya kuarifiwa, kiraka kiwepo kisiwepo. Kikosi cha Google kiitwacho Project Zero kiliweka muda wa siku 90 mwaka 2014. Tarakimu zinatofautiana, ila kanuni ni moja: mtengenezaji anapewa muda, na muda una mwisho.

Upande wa pili wa hoja nao ni wa kweli na haupaswi kupuuzwa. Kila kiraka kinaeleza kidonda. Mdukuzi mwenye subira huchukua programu ya jana na programu ya leo, akazilinganisha, na palipobadilika anajua ndipo palipokuwa na tundu. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na wanaolinda mitandao wamezoea kuihofia Jumatano inayofuata.

Mtu mmoja alijaribu kuziba pengo hilo kwa ustadi ambao mpaka leo unastahili heshima. Mapema mwaka 2008 Dan Kaminsky, mtafiti wa Marekani, aligundua namna ya kudanganya mfumo wa majina wa intaneti, ule unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta. Kila swali linalotumwa katika mfumo huo hubeba namba ya utambulisho, moja kati ya 65,536, na jibu lenye namba hiyo huaminiwa. Kaminsky aliona njia ya kukisia mara nyingi mfululizo hadi namba ipatikane katika muda mfupi mno. Aliyefanikiwa angeweza kumpeleka mteja wa benki kwenye benki bandia huku anwani ikisomeka sawasawa.

Tarehe 31 Machi wataalamu 16 walikutana kwenye ofisi za Microsoft huko Redmond, wakiwemo wanaoshindana kibiashara kila siku. Walikubaliana kutoa viraka vyote siku moja. Na kiraka walichokichagua kilikuwa bubu kwa makusudi: kila swali litumwe kupitia lango lililochaguliwa bila mpangilio, ili mdanganyifu akisie vitu viwili badala ya kimoja. Mtunzi wa programu Daniel Bernstein alikuwa ameipa programu yake ya mfumo huo wa majina tabia hiyo miaka mingi kabla. Kwa hiyo aliyekilinganisha kiraka na programu ya zamani aliona ushauri wa siku nyingi umefuatwa hatimaye, na hakuona shambulio lenyewe ni lipi.

Viraka vilitoka tarehe 8 Julai. Kaminsky aliomba mwezi mmoja wa ukimya. Alipata siku 13. Mtafiti mmoja alikisia kwa sauti, akakaribia sana, na tarehe 21 Julai maelezo kamili yakachapishwa kwa bahati mbaya, yakaondolewa haraka, yakawa yameshanakiliwa. Siku mbili baadaye zana za kushambulia zilikuwa zinapatikana kwa yeyote. Hata hivyo siku zile 13 zilitosha kwa sehemu kubwa ya watoa huduma waliokuwa makini kuziba mashine zao, na hilo ni jambo la kujivunia kwa ubinadamu mzima, si kwa Kaminsky peke yake.

Kuna waliowaza njia ya mkato: kwa nini kiraka kisijisambaze chenyewe kama mnyoo? Agosti 2003, mnyoo uitwao Blaster ulipokuwa unatesa kompyuta za Windows kupitia mwanya ambao kiraka chake kilikuwa kimetoka Julai 16, mtu asiyejulikana aliachia mwingine, Nachi. Uliingia kwa mwanya ule ule, ukamfuta Blaster, ukapakua kiraka cha Microsoft na kukiweka. Katika kutafuta kompyuta za kuponya, ulijaza mitandao kwa maswali yake hadi ikaziba. Wenye mashine hawakuwa wameuomba, na waliulipia.

Suala la uaminifu likawa kubwa zaidi kadiri mtandao ulivyokua. Mwaka 1988 msimamizi aliyepokea kiraka aliweza kukisoma. Programu ya Larry Wall ya mwaka 1985, iliyoitwa patch, ilikuwa imewazoesha watu kutumiana mistari iliyobadilika tu pamoja na michache iliyoizunguka, na fundi aliipitia kwa macho yake kabla ya kuikubali. Leo kiraka ni mamia ya megabaiti yasiyosomeka, na mpokeaji anategemea saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Mwaka 2002 nakala za sendmail na za OpenSSH kwenye seva rasmi zilichezewa na kutiwa mlango wa siri, na aliyezipakua bila kukagua saini alimkaribisha mwizi kwa mkono wake. Mwaka 2012 ikabainika kuwa programu ya ujasusi iitwayo Flame ilikuwa imeghushi cheti cha Microsoft na kujifanya sasisho halali la Windows.

Hata kiraka cha kweli kinahitaji njia ya kupita. Agosti 2004 Microsoft ilitoa kifurushi kikubwa cha usalama cha Windows XP, takriban megabaiti 270. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa kumi bila laini kukatika hata mara moja. Afrika Mashariki ilikuwa bado inaegemea satelaiti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009. Kwa hiyo katika maofisi na vibanda vya intaneti viraka vilitembea kwa CD na flash, pale vilipotembea. Mnyoo wa Conficker, uliotokea Novemba 2008, ulijifunza kupanda flash hizo hizo, ingawa kiraka cha mwanya wake kilikuwa kimetolewa tarehe 23 Oktoba. Ambaye kupakua kunamgharimu bando la wiki nzima ataahirisha, na ni makosa kumwita mzembe.

Hospitali za Uingereza hazikuwa na kisingizio cha bando. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya ambao NSA ilikuwa imeujua na kuutumia kimyakimya. Mwezi mmoja baadaye kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya NSA ya kuutumia mwanya huo. Idara ya kidijitali ya huduma ya afya ilizitahadharisha hospitali Machi na tena Aprili. Tarehe 12 Mei mnyoo wa WannaCry ukafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Theluthi moja hivi ya taasisi za hospitali za England ziliathirika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa wazi, bure, kwa miezi miwili.

Waliobaki na Windows XP hali yao ilikuwa nyingine. Mfumo huo ulikuwa umeachwa tangu 2014, na viraka vyake vilikuwa vinatengenezwa kwa wateja wanaolipia mkataba maalumu. Siku moja baada ya shambulio, Microsoft ilitoa kiraka cha XP kwa dunia nzima bila malipo. Waliokagua saini ya faili waliona lilitengenezwa Februari, mwezi mzima kabla ya kiraka cha wengine kutangazwa. Kilikuwapo muda wote huo, kikiwa kimekamilika, nyuma ya mkataba ambao hospitali nyingi hazikuweza kuulipia.